Nilifunga Koili Yangu kwa Uzi wa Dada Zuhura

Nina miaka arobaini na tisa, mama wa watoto watatu, mkazi wa Kiwalani. Mume sina, aliondoka. Siku hizi nakaanga mihogo mbele ya nyumba ninayopanga. Nisomeni tu, wasomaji wenzangu, lakini msiwahi kunionea huruma, maana mkifika katikati ya habari hii mtajuta.

Kwa miaka kumi na minane nilikuwa msukaji wa koili. Najua wengi mtauliza, koili ndiyo nini? Ukifungua chaja ya zamani, au redio ya umeme, au kile kiboksi kizito cha stabilaiza kinachokaa kati ya friji na soketi, ndani utakuta chuma kilichozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko mamia kwa mamia. Hiyo ni transfoma, na ule waya uliozungushwa ndiyo koili. Basi kuna mtu aliuzungusha. Kwa hapa Dar, kwa muda mrefu sana, mtu huyo alikuwa mwanamke wa Temeke aliyeketi kwenye benchi la kiwanda chetu, pale Chang'ombe.

Kiwanda kilikuwa cha Mzee Shabir. Si kikubwa, ghala moja la mabati lenye feni nne, mbili mbovu. Baba yake alianza na duka la kutengeneza redio. Mzee alipenda kutusimulia kwamba enzi zile vipuri vya nje vilikuwa havipatikani, mtu analeta redio imeungua transfoma na huna cha kumpa. Baba yake akaona isiwe tabu. Akachukua ile iliyoungua, akaufumua waya huku akihesabu mzunguko mmoja mmoja, akaandika hesabu yake kwenye daftari, kisha akasuka mpya kwa mkono, barazani kwake. Ikafanya kazi. Jirani akaleta yake, na jirani wa jirani naye akaleta. Baadaye akawa na wanawake sita barazani, halafu kumi na tano, ndipo likapatikana lile ghala.

Tulitengeneza transfoma za redio, choki za kuwashia taa za tyubu, chaja za betri, na mwisho stabilaiza. Ilifika wakati ukiingia duka la umeme Kariakoo unakuta lebo yetu ya bluu, na fundi anakwambia chukua hii, ni ya hapa hapa, haiungui. Sie wenyewe tulikuwa tukipita madukani tunaisoma ile lebo kama mtu anayesoma jina la mwanawe kwenye ubao wa matokeo.

Aliyeniingiza pale ni dada Zuhura. Tulikuwa tumepanga nyumba moja. Mie nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili, mume wangu dereva wa malori, leo yupo kesho hayupo. Dada Zuhura amenizidi miaka tisa, mjane, ana binti mmoja. Asubuhi moja alinikuta uani nafua nguo za watu huku nalia. Akaniambia, mdogo wangu, futa hayo machozi, kesho vaa vizuri tuondoke wote.

Alinisimamia kwa Mzee. Alinifundisha. Miezi mitatu alikaa pembeni yangu akinishika mkono, ananiambia usiuvute waya kama unamvuta ng'ombe, utakatika. Chakula chake cha mchana alikuwa akinigawia nusu. Nani mwingine aliwahi kunifanyia hivyo? Hata ndugu zangu wa tumbo moja hawakunifanyia.

Niwaeleze kidogo utaratibu wa kazi, maana ndipo dhambi yangu ilipo.

Mashine zetu zilikuwa za kuzungusha kwa mkono, na vihesabio vyake vilikufa zamani. Kila mtu alihesabu kichwani. Na mtu anayehesabu, kwetu, hasalimiwi. Hata uwe mkubwa namna gani, hupewi shikamoo, hujibiwi hodi. Ukimsemesha anakunyanyulia kidole kimoja, unangoja. Mzee mwenyewe alikuwaga ananyanyuliwa kidole na anasimama palepale na makaratasi yake, mpole, mpaka umalize. Ukipoteza hesabu, unafumua waya wote unaanza upya. Kukisia ilikuwa mwiko.

Halafu kila msukaji alikuwa na uzi wake. Ukimaliza koili unaifunga mwisho kwa uzi wa rangi yako, ndipo inavishwa karatasi na kuchovywa vanishi. Mie wangu ulikuwa kijani. Wa dada Zuhura ulikuwa mwekundu. Kitu kikirudi kimeungua, Mzee anakifungua, anaangalia rangi, anamwita mwenye uzi. Ukirudishiwa mara tatu unaondoka, hakuna mjadala. Ilikuwa sheria ya baba yake na hakuwahi kuivunja kwa mtu yeyote.

Dada Zuhura hakuwahi kurudishiwa hata moja. Hata moja, jamani, kwa miaka yote aliyokaa pale! Kulikuwa na meza ya kupima, ambako kila transfoma iliwashwa saa nzima ionekane kama inapata moto. Zake zilikuwa hazipimwi. Zilipitishwa tu, zikaenda kwenye maboksi. Ndiyo ilikuwa heshima yake, na mafundi mjini walikuwa wanauliza kabisa kama zipo za uzi mwekundu.

Mie nilikuwa nimerudishiwa mbili.

Miaka ikaenda. Bidhaa za nje zikaanza kumiminika, nyepesi, rahisi, za rangi za kupendeza. Mwenye duka hakutaka tena boksi letu zito. Kutoka wanawake arobaini tukabaki kumi na mmoja. Feni zote nne zikafa. Kila mtu akawa anafanya kazi huku anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, ajue nani atafuata kuondoka. Mie na zile mbili zangu nilikuwa hata chakula hakipiti.

Ndipo Mzee akapata oda ya stabilaiza za friji za maduka. Alitukusanya akatuambia wazi kwamba hii ikienda vizuri tutaishi, ikiharibika tutafunga. Tulifanya kazi kama watumwa, lakini kwa hiari yetu.

Siku ya mwisho ya oda, gari limeshapaki mlangoni, nilikuwa kwenye koili yangu ya mwisho. Nimefika mia nne na kitu. Simu ikatetemeka mfukoni. Sikupaswa kuitazama... Niliitoa, nikaitupia jicho moja huku mkono unazungusha. Ulikuwa ujumbe wa baba watoto, ambaye sikuwa nimemtia machoni wiki tano. Ameandika nisimtafute, ameshaoa, yupo Mbagala, watoto atawaona akipata nafasi.

Mkono uliendelea. Mkono unaijua kazi, kichwa ndicho kilichoondoka. Niliposhtuka sikujua nipo mia nne au mia tano.

Nilipaswa kufumua. Nusu saa tu, wasomaji! Lakini dereva anapiga honi, msimamizi anapiga makofi tuharakishe, na macho yangu yamejaa maji waya siuoni. Nikakisia. Nikaongeza mizunguko kadhaa, nikakata.

Halafu nikapata akili, na ilikuwa akili mbovu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Hii ikienda mezani na uzi wa kijani itapimwa, itapata moto, itakuwa ya tatu yangu. Siku hiyohiyo niliyoachwa na mume niachwe na kazi? Watoto watatu nitawalisha nini? Dada Zuhura alikuwa ameenda kuswali alasiri. Uzi wake ulikuwa umening'inia kwenye msumari, karibu kabisa na mkono wangu.

Sikufikiria kumdhuru. Nilijiambia yeye hana hata moja, hata ikirudi hiyo moja itamfanya nini? Nikakata uzi mwekundu, nikafunga. Ikavishwa karatasi, ikachovywa, ikapita mezani bila kuguswa, ikaondoka na gari. Dada Zuhura aliporudi aliniona macho mekundu. Nilimwonyesha ule ujumbe. Akanikumbatia palepale kwenye benchi, akanibembeleza mpaka nikanyamaza.

Wiki tatu baadaye akaja mtu kiwandani, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa na duka la rejareja Mabibo. Stabilaiza ya friji ilishika moto yeye akiwa nyuma anapokea mzigo, duka likaungua lote, na mkono aliuunguza akijaribu kuokoa bidhaa. Alikuwa ameshika mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na kiboksi chetu, cheusi, kimeyeyuka upande mmoja.

Mzee akakifungua mbele yetu sote. Upande mmoja wa koili ulikuwa majivu. Upande wa pili, chini ya karatasi, kile kifundo cha uzi kilikuwa bado kinaonekana. Chekundu.

Dada Zuhura akaja, akaichukua ile koili, akaigeuzageuza mkononi, akaipitisha kidole kama mtu anayepapasa nguo akijue kitambaa chake. Akasema taratibu, "Mzee, uzi ni wangu. Mkono si wangu."

Naamini Mzee Shabir alitaka kumwamini. Aliwatazama wote, kisha akanigeukia mie. "Mama Salma, wewe unakaa naye benchi moja. Umewahi kuona mtu mwingine anatumia uzi wake?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yangu, wazi kabisa. Neno moja tu. Nikawaona wanangu watatu kichwani... na yule wa Mabibo na mkono wake... nikasema, "Hapana, mzee."

Dada Zuhura hakunitazama hata. Hakuwa na wasiwasi na mie, ndiyo maana hakunitazama.

Mzee hakusubiri ya pili wala ya tatu. Duka la mtu limeungua, mtu ameumia, Mzee akasema hawezi kumbakiza. Na ile ya kupitishwa bila kupimwa ndiyo iliyomchoma zaidi, maana watu walianza kusema alikuwa amejisahau, kiburi cha kuaminiwa, macho yamezeeka na hakutaka kukiri. Alikunja koti lake la kazi, akaliweka juu ya mashine, akatoka. Mie nikapewa kiti chake.

Mnajua jina la mtu linavyokufa? Halifi siku moja. Alienda kwa fundi wa kusuka mota Temeke kuomba kazi, fundi akamwambia si ndiye wewe uliyechoma duka la watu? Akaenda kwa mwingine, hadithi imeshafika. Akaanza kuuza vitumbua, na wateja wake wakawa wanamtania kwamba visije vikashika moto. Utani tu, lakini nilimwona mara moja anageuka kufuta uso kwa ncha ya khanga. Akaacha kwenda kwenye harusi. Akaacha kwenda hata kwenye kisomo, yeye aliyekuwa haachi.

Na mie? Nilikuwa nampelekea sukari. Kila mwisho wa wiki nabisha hodi na kilo yangu ya sukari, nakaa, nanywa chai yake, naondoka. Alikuwa ananishukuru, ananiambia mie peke yangu ndiye niliyebaki naye. Kila mara nilikwenda nikiwa nimepanga kusema, na kila mara niliondoka sijasema. Kuna siku nilifika mpaka kumwambia, dada, nina jambo... Akaniambia, sema mdogo wangu. Nikamwambia mwanangu anaumwa mafua.

Kiwanda nacho hakikupona. Oda ile haikurudiwa. Mzee alipoteza ile imani aliyokuwa nayo na mikono yetu. Akaanza kuagiza transfoma zilizokwisha kutengenezwa kutoka nje, kazi yetu ikawa kubandika lebo ya bluu tu. Kubandika lebo hakuhitaji watu kumi na mmoja. Mwaka wa pili wakaja watu wa vyuma chakavu, wakazing'oa mashine sakafuni, wakazipakia kwenye lori la Canter, moja juu ya nyingine. Mzee Shabir alisimama mlangoni na kofia yake mkononi mpaka gari likaondoka. Sasa lile ghala ni stoo ya matairi.

Kwa hiyo ile kazi niliyoiba kwa jina la mtu, nayo niliikosa. Nilimuuza dada yangu kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa ya mshahara!

Nikaugua. Sili, silali, moyo unadunda bila sababu. Watoto wakamwita nani? Dada Zuhura. Alikuja kila asubuhi na uji, akanikandakanda miguu, akamchana nywele mwanangu wa mwisho aende shule. Siku ya nne alikuwa ananilisha kijiko, nikashindwa kumeza. Nikamshika mkono nikamwambia. Kila kitu. Ujumbe, hesabu, uzi.

Aliweka bakuli chini. Nje muuza maji akapita na mkokoteni wake mpaka mwisho wa mtaa.

"Mkono nilijua si wangu," akasema. "Sikujua kuwa ni wako. Nilikuwa nawafikiria wote isipokuwa wewe."

Nikaanza kuomba msamaha. Akanizuia. Akasema msamaha wangu yeye hana pa kuuweka. Anachotaka ni kimoja: niende kwa Mzee Shabir nimwambie kwa mdomo wangu kama nilivyomwambia yeye. "Yule ndiye aliyenitoa mbele za watu. Nataka ajue kabla hajafa, au sijafa mie. Nikienda mwenyewe nitaonekana najitetea. Nenda wewe." Nikamwahidi.

Nikapata nguvu, nikaanza kuahirisha. Wiki hii mvua. Wiki ijayo nauli. Dada Zuhura alikuwa haniulizi, ananitazama tu. Kisha tukasikia Mzee anaumwa, amehamia kwa binti yake, Sakina, huko Msasani. Dada Zuhura akaja mwenyewe na khanga mbili mpya, akanipa moja nivae, akasema kesho.

Nikaenda. Sakina alinipokea vizuri, akanikumbuka. Akanieleza kwamba baba amepata kiharusi, anasikia kila kitu na anafahamu watu, ila hawezi kusema, neno halitoki. Akaniambia mama, zungumza naye, atafurahi sana. Akaniacha naye barazani, akaenda kuandaa juisi.

Mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amekonda, mdomo umevutika upande mmoja. Nikampa shikamoo. Aliponitambua, akanyanyua mkono wake mmoja mzima... akanionyesha kidole kimoja. Ile ishara yetu ya benchi, ya kwamba ningoje, anahesabu! Halafu akacheka kwa nusu ya uso, machozi yanamtoka.

Nikacheka. Nikalia. Nikamshika ule mkono.

Nilikuwa na muda wa kutosha, wasomaji. Tulikuwa wawili tu. Anasikia. Anafahamu. Nilichotakiwa kusema hakizidi maneno kumi. Lakini alikuwa ananitazama kwa upendo, kama mzazi, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ananitazama hivyo tena. Nilitaka aendelee kunitazama hivyo. Nikamkumbusha habari za feni mbovu, za siku paka alipozaa kwenye sanduku la waya. Sakina akaleta juisi ya ukwaju. Nikanywa, nikaaga.

Dada Zuhura alikuwa ananisubiri kona ya mtaa wetu, amesimama juani. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi.

"Umemwambia?"

Alijua Mzee anaumwa. Kwamba hasemi, alikuwa hajui.

"Nimemwambia, dada."

"Kasemaje?"

Na mie nikajibu. Nilijibu bila kusita, kama niliyekuwa nimeandaa njiani, na naapa sikuwa nimeandaa. Nikasema Mzee amelia. Nikasema ameomba umsamehe. Nikasema kanituma nikwambie kwamba moyoni alijua mkono ule haukuwa wako.

Dada Zuhura alikaa chini palepale kwenye tofali la mtu. Akafunika uso. Alilia kwa sauti mpaka watu wakatoka kutazama kuna msiba gani. Halafu akainuka, akanikumbatia, akaniambia, mdogo wangu, yamekwisha.

Baada ya hapo akawa mtu mwingine. Alishona dera. Alirudi kwenye kisomo. Aliwaambia majirani, aliwaambia wenzetu wa zamani wa kiwandani aliokutana nao sokoni, Mzee Shabir amenisafisha, kamwambia mwenzangu kwa mdomo wake. Yule fundi mota wa Temeke akampa kazi ya majaribio. Nilimwona akipita asubuhi na mkoba wake, mwendo wa haraka, nikajiambia basi, uongo huu si umemponya? Kuna ubaya gani? Nililala usingizi wiki kadhaa, wa kwanza baada ya miaka.

Mzee Shabir akafariki.

Nilimsihi dada Zuhura tusiende. Nilisema nina homa, nikasema Msasani ni mbali, watu wa kule hawatatujua. Alinishangaa. Akasema mtu ameniomba radhi kabla ya kufa kwake, halafu nikose kwenda kuwapa pole wanawe? Akaniburuta.

Sebule ilikuwa imejaa wanawake, tumekaa chini kwenye mazulia. Saba kati yao walikuwa wenzetu wa benchi. Dada Zuhura akasogea mpaka kwa Sakina, akamshika mikono yote miwili, akampa pole. Kisha akasema, na sauti yake ilisikika na kila mtu, "Mwanangu, baba yako ameniacha na moyo mweupe. Yale maneno aliyomwambia huyu mwenzangu siku alipokuja hapa, nitayabeba mpaka kaburini."

Sakina alimtazama kwa upole. Hakuwa na nia mbaya, maskini. "Maneno gani, mama? Baba hakusema neno hata moja tangu alipopata kiharusi. Miezi saba. Hata jina langu hakuweza kulitamka."

Dada Zuhura hakuachia ile mikono mara moja. Aligeuza shingo tu, taratibu, akanitafuta kwa macho kati ya wale wanawake mpaka akanipata.

Ndipo nikasema. Nilipiga magoti katikati ya msiba wa watu, nikasema koili iliyochoma duka la Mabibo niliisuka mie, nilipoteza hesabu, nikaiba uzi, nikamdanganya Mzee. Nilisema yote niliyopaswa kuyasema miaka ile. Nikawageukia wale saba, wenzangu wa benchi, wanisikie.

Mmoja wao akasonya. Akasema, leo mmeamua kuja kusafishana mbele ya maiti? Juzi ilikuwa Mzee kasema, leo imeonekana Mzee hakusema, sasa ni wewe ndiye uliyesuka. Kesho mtasema nani? Wengine wakatikisa vichwa. Hawakuniamini, wasomaji. Walidhani tumepanga, mie na dada Zuhura, kwamba yeye ndiye aliyenituma nidanganye. Nilivyozidi kuapa ndivyo nilivyozidi kummaliza.

Dada Zuhura akainuka, akajitanda khanga yake vizuri. Nikamshika pindo, nikamwambia dada, si nimesema, nimesema mbele ya watu. Akautoa mkono wangu polepole, kidole kimoja kimoja.

"Sasa unamwambia nani?" akasema. Akatoka.

Fundi mota alimrudisha nyumbani wiki ileile, habari zilipomfikia. Kwake nimebisha hodi mara nyingi. Binti yake anafungua, ananiamkia kwa adabu, ananiambia mama amepumzika, anafunga. Sukari yangu naikuta kesho yake imewekwa mlangoni pangu, haijafunguliwa.

Ndugu zangu mnaonisoma, huenda kuna mtu amebeba lawama yako sasa hivi, na wewe unampelekea sukari. Usingoje upate nguvu, nguvu haiji. Usimwendee yeye uliyemdhulumu peke yake ukadhani umemaliza, na usimtengenezee faraja ya uongo kwa sababu unaona haya kusema la kweli. Nenda leo kwa yule aliyeusikia uongo wako, mwambie angali ana masikio ya kukusikia na mdomo wa kukujibu. Mie nilikuwa na miaka ya kusema, nikaitumia kunywa chai. Nilipokuja kusema, dada yangu hakubakiwa na mtu ambaye angemwamini, na mimi ndiye niliyewamaliza wote.